Taa ya Samli na Karatasi ya Bima

Katika maisha yangu nimejaza fomu ya bima mara moja tu kwa mkono wangu, na mara hiyo moja nusura nifunge biashara ya mtu aliyenilisha. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba leo naweza kulisimulia jambo hili nikicheka.

Ilikuwa Thika, katika miaka ya hamsini. Tajiri wangu alikuwa Mgujarati, fundi wa stima mwenye leseni, mtu mfupi aliyebana penseli sikioni hata wakati wa kula. Alikuwa na duka la chumba kimoja mtaa wa Wahindi, pikapu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya, na mafundi wawili. Wa kwanza nilikuwa mimi, Mwislamu wa Majengo, niliyesoma chuo cha Kurani kwanza na shule baadaye. Wa pili alikuwa Mkikuyu aliyebatizwa kwa mapadri wa Kalimoni, mtu wa mikono mikubwa na sauti kubwa zaidi. Yeye aliniita Sheikh, nami nilimwita Padri, na hakuna aliyekasirika. Akifurahi sana aliniita muru wa maitu, kana kwamba tulinyonya titi moja.

Kazi zetu zilikuwa ndogondogo: nyumba za Wahindi, maduka, vinu vya posho. Na kila tulipomaliza kazi, kabla ya kuwasha swichi kuu kwa mara ya kwanza, tulikuwa na desturi yetu. Tajiri alivunja nazi mlangoni. Kisha akaweka chini ya bodi ya swichi sahani ya shaba yenye taa ndogo ya udongo, taa ya samli na utambi wa pamba, akaiwasha na kusema maneno yake ya Kihindu polepole. Akimaliza, Padri alipiga ishara ya msalaba na kuanza kuwaita watakatifu mmoja mmoja, na aliwajua wengi. Mimi nilikuwa wa mwisho, na dua yangu ilikuwa fupi kuliko zote, kwa sababu mkono wangu ndio uliowasha swichi. Nilisema Bismillahi, nikaisukuma juu, na taa zikawaka. Sikuomba kwa taa ya tajiri, naye hakunitaka niombe kwayo. Kila mmoja alizungumza na Mola wake kwa njia aliyofundishwa na mama yake, kisha tukala nazi pamoja.

Basi siku moja tajiri alirudi kutoka Ruiru akashuka kwenye pikapu bila hata kuufunga tena mlango wa waya. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alitaka kuacha injini yake ya mafuta. Nguzo za stima zilikwisha kufika shambani kwake, naye alitafuta mtu wa kufunga nyaya, mota na taa katika kiwanda chake chote, pale kahawa inapomenywa, kuoshwa na kuwekwa ghalani. Ilikuwa kazi ya miezi miwili. Hatukuwa tumewahi kupata kazi hata ya majuma mawili.

"Lakini Mzungu nasema maneno moja," tajiri alituambia. "Nasema, ghala yangu iko mbao tupu na magunia. Wewe nachoma ghala, nani nalipa? Lete karatasi ya bima kabla ya mwisho wa mwezi. Kama hapana karatasi, yeye naita kampuni ya Nairobi."

"Na sisi tuna bima, Bwana?" Padri aliuliza.

"Bima gani? Sisi iko na Mungu."

Alilisema kwa mzaha, lakini macho hayakucheka. Tulijua kwa nini. Shemeji yake wa Nairobi alikuwa amemwandikia mara tatu afunge duka la Thika, aende akamsaidie kuuza balbu na soketi nyuma ya kaunta. Kazi za maduka na vinu vya posho hazikutosha tena kulipia duka lile. Tukiipata kazi ya Ruiru, angebaki fundi. Tukiikosa, mwezi ufuatao angekuwa karani wa shemeji yake, na Padri na mimi tungekuwa tunatembea mlango hadi mlango tukiomba kazi.

Aliandikia ofisi moja ya bima huko Nairobi, na fomu ikaja kwa posta, kurasa nne za Kiingereza. Tajiri alisema Kiingereza cha bei na vipimo, lakini kukiandika hakuweza. Alinipa mimi fomu.

Mimi nami nilikuwa na shaka yangu. Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, nilimfuata mwalimu wangu wa chuoni, ambaye alikuwa pia fundi viatu. Nilimkuta barazani amebana kiatu magotini.

"Mwalimu, bima ni kamari?"

Alitoa misumari mdomoni. "Wanazuoni wanalizungumza. Wako wasioipenda kabisa. Mimi siwezi kukukatia hukumu nikiwa na kiatu cha mtu mkononi. Anayelipa ni nani?"

"Tajiri."

"Anayeweka sahihi?"

"Tajiri."

"Na wewe je?"

"Mimi naandika tu, mwalimu."

"Hapo basi sihitaji kufungua kitabu. Ukiandika, andika kweli, na kweli yote. Mkono wako utaulizwa." Akarudisha misumari mdomoni.

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba mayai. Nilijaza fomu siku mbili. Wafanyakazi wangapi, wawili. Ngazi ndefu kabisa ina urefu gani, nilikwenda kuipima upya ingawa nilijua. Nikafika swali la kumi na moja: je, mnatumia moto wazi mahali pa kazi? Kama ndiyo, eleza kwa ukamilifu.

Leo najua walichotaka. Walitaka kujua habari za taa ya kulehemu, ile ya mafuta yenye ulimi wa moto, ambayo kila fundi wa stima huitumia kuunganisha nyaya nene. Niliiandika hiyo. Lakini neno lile, kwa ukamilifu, lilinitazama, na mwalimu naye alikuwa ameniambia kweli yote. Nikaandika chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, kwamba mwisho wa kila kazi mwenye kampuni huwasha taa ya samli chini ya bodi ya swichi. Nikaeleza utambi. Nikaeleza nazi, ingawa haina moto. Nafasi ilipokwisha niliendelea pembeni mwa karatasi, nikamtia na Padri na watakatifu wake. Tajiri alitia sahihi bila kusoma, akabusu bahasha, akaipeleka posta.

Karatasi ya bima haikuja. Siku tano kabla ya mwisho wa mwezi, alikuja mtu.

Alikuwa Mzungu kijana, mwembamba, mwenye kaptura iliyopigwa pasi na jalada kwapani. Alisimama dukani, akafungua jalada na kugonga ukurasa kwa kidole.

"Mimi natoka ofisi ya bima. Nataka ona hii taa."

"Taa gani, Bwana?" tajiri aliuliza. "Iko balbu ya wati arobaini, iko ya sitini..."

"Hii ya samli."

Tajiri alinigeukia polepole sana. Penseli ilianguka kutoka sikioni.

"Bhai," alisema, akiniita ndugu kwa lugha yake, "wewe naandika taa yangu?"

"Waliuliza, Bwana."

"Waliuliza taa ya mama yangu?"

"Waliuliza moto wowote. Kwa ukamilifu."

Padri aliweka mkono kichwani. "Ngai! Sheikh, hata mimi umeniandika?"

"Na watakatifu," nilijibu.

"Wangapi?"

"Niliandika ni wengi."

Mtu wa bima hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza kama tuna kazi ya kumaliza karibuni. Kwa bahati tulikuwa nayo: duka la vitambaa, mitaa miwili tu kutoka pale, lililobaki kuwashwa. Alisema atakuja kesho yake saa nne asubuhi kutazama tunavyomaliza, na tusibadilishe kitu.

Alipoondoka, tajiri aliketi juu ya bunda la waya. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alisema tu, "Kesho hapana taa. Yeye naona fundi safi, swichi safi, basi. Mimi naambia mke wangu afiche sahani." Nilitaka kusema kwamba ile ni namna nyingine ya kusema uongo, lakini nilikuwa nimekwisha kusema kweli ya kutosha juma lile. Usiku niliswali rakaa mbili za haja.

Asubuhi tulifagia duka la vitambaa hadi chini ya meza ya mkata nguo. Tulipima kila waya kwa kile chombo chenye kishikio cha kuzungusha kwa mkono. Mtu wa bima alisimama pembeni akiandika. Mwenye duka alisimama nyuma yake, amevaa koti kwa heshima ya siku. Kila kitu kilikuwa tayari, ikabaki kuwasha.

"Fundi, washa," tajiri alisema, bila kunitazama.

Nilifungua kifuniko cha bodi. Nafasi za fyuzi zilikuwa tupu.

Ndipo sote watatu tulipokumbuka kwa pamoja. Fyuzi zetu kubwa za bodi, zile zenye mwili mweupe kama kikombe cha chai, hazikukaa kamwe katika sanduku la vifaa. Zilikaa kwenye sahani ya shaba. Tangu siku ya kwanza mke wa tajiri alizipanga kuizunguka taa, na hazikutoka kwenye sahani mpaka maombi yaishe, ili mtu yeyote asije akawasha kazi ambayo haijafagiwa, kupimwa na kuombewa. Na sahani ilikuwa imefichwa.

Tulisimama. Mtu wa bima alitazama saa.

"Nyinyi nangoja nini?"

Tajiri alikohoa. Mimi nilitazama viatu vyangu. Padri, ambaye hakuweza kukaa kimya kwa muda mrefu, alijibu, "Tunangoja taa, Bwana."

"Ile ya samli?"

"Ile ile. Imelala na fyuzi."

Tajiri alifumba macho. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Alimgeukia Mzungu yule, akasema, "Bwana, mimi naogopa wewe. Mimi naambia mama ya nyumba afiche taa. Sasa fyuzi imefichwa pia. Fundi wangu naandika kweli. Mimi ndiyo natengeneza uongo."

Akamtuma mwenye duka, na koti lake lile, aende kwa baiskeli kuileta sahani. Baada ya muda mfupi mke wa tajiri alikuja mwenyewe kwa miguu, sari yake ameifunga kiunoni, sahani ameifunika kwa kitambaa chekundu. Hakumwamkia mtu. Aliweka sahani chini ya bodi, akafunua, na kabla mumewe hajafungua mdomo, taa ilikuwa imewaka.

"Ficha, fichua," alimwambia mumewe. "Mungu iko mwizi?"

Padri aligeukia ukuta kuficha kicheko.

Mtu wa bima alichuchumaa mbele ya sahani. Hakuitazama taa. Alikuwa akizihesabu fyuzi.

"Hii nakaa hapa siku zote?"

"Toka siku ya kwanza," mama alijibu. "Katika kabati ya Mungu, nyumbani kwangu. Ufunguo iko hapa." Akaonyesha kiunoni.

"Na kama fundi nataka washa stima kabla ya kufagia?"

"Nawasha na nini? Na kidole?"

Mzungu aliandika kwa muda mrefu. Tulifanya maombi yetu yote mbele yake, na Padri, kwa kuwa aliona anaandikwa, aliongeza watakatifu ambao sijawahi kuwasikia. Nikasema Bismillahi na duka likajaa mwanga. Mzungu alipewa kipande cha nazi, akala amesimama. Kisha akatoa utepe wa kupimia, akapima kutoka taa hadi bodi, akatikisa kichwa. Alisema yeye si mwenye kuamua, wakubwa wake Nairobi ndio wataamua, ila moto ule uko karibu mno. Akaondoka na jalada lake, nasi tukabaki na siku nne.

Siku hizo tajiri hakubana penseli sikioni. Mkewe alitoa sanduku kubwa la safari chini ya kitanda na kulianika juani, bila kusema ni la nini. Mimi nilikwenda posta kila asubuhi, na karani wa pale akawa ananitikisia kichwa kabla sijauliza.

Siku ya mwisho wa mwezi hakutikisa kichwa. Alinipa bahasha ndefu.

Karatasi ya bima ilikuwamo, na muhuri. Chini yake walikuwa wamepiga chapa sharti moja, ambalo niliwasomea tukiwa tumesimama kando ya pikapu: kwamba fyuzi zote ziendelee kukaa na taa ya mwenye kampuni kama ilivyo desturi, na kwamba taa hiyo iwashwe nje ya jengo, si chini ya futi kumi kutoka bodi.

"Wameandika taa kwa taipu," Padri alisema kwa mshangao.

Tajiri alinitaka nisome tena. Kisha akasema, "Nje? Taa lazima naona swichi."

"Mlango ukiwa wazi itaiona, Bwana. Twende, siku inakwisha."

Tulikwenda Ruiru sote watatu. Miaka ile ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, Mkikuyu kama Padri hakuweza kutoka Thika bila pasi mfukoni, na barabarani tulisimamishwa, akaulizwa maswali ambayo mimi sikuulizwa. Aliyajibu kwa upole, akakunja pasi yake, akarudi kwenye pikapu. Hilo pia nalikumbuka, na sitaki lionekane kama halikuwako.

Mwenye shamba alikuwa Mzungu mzee mwenye kofia pana. Alisoma karatasi yote, na alipofika kwenye sharti aliinua kichwa.

"Hii taa ni kitu gani?"

Tajiri alimweleza, na kwamba ni lazima iione swichi. Mzee alisikiliza, kisha akatupeleka kwenye chumba ambacho bodi ingefungwa. Alisimama pale ukutani, akaanza kuhesabu futi kwa hatua zake akielekea mlangoni. Mlango ulikuwa kwenye futi ya saba. Alitoka nje, akaongeza hatua moja, akasimama ukingoni mwa mfereji wa saruji ambao maji ya kuoshea kahawa yalipita kwa kasi.

"Futi kumi iko hapa," alisema, akionyesha katikati ya maji. "Ng'ambo ni ukuta wa ghala. Taa nakaa wapi? Kama hapana taa, hapana fyuzi. Kama hapana fyuzi, hapana kazi. Bima nasema hivyo."

Nilitazama yale maji nikaona kalamu yangu mwenyewe ndiyo iliyotufikisha pale. Padri alianza kunong'ona, nikajua ameanza kuwaita watakatifu.

Lakini tajiri alikuwa akitazama mfereji na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeona ndugu.

"Maji?" alisema. "Bwana, maji ni mzuri kabisa. Kwetu, mtoni, sisi naweka taa juu ya maji. Inaelea. Mama yangu nafanya hivyo kila mwaka."

Mzee alimtazama, akatazama karatasi, akatazama mfereji. Alicheka mpaka akavua kofia. "Hiyo mimi nataka ona," alisema. "Anza Jumatatu."

Tulianza Jumatatu. Tulifanya kazi miezi miwili na siku chache, na alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Siku ya kuwasha, wafanyakazi wa shamba walikusanyika, na mke wa tajiri alikuja na sahani yake. Zamu hii tajiri aliivunja nazi kwa uangalifu, ikapasuka nusu kwa nusu, akaiweka taa ndani ya kifuu. Fyuzi zisingeweza kuelea pamoja nayo, kwa hiyo mara taa ilipowashwa tulizitia mahali pake. Kisha tajiri akainama, akaiweka taa majini, mbele ya mlango ulio wazi.

Hatukuwa tumefikiria kasi ya maji. Kifuu kilizunguka mara moja, kikaanza safari.

"Inakwenda!" tajiri alipiga kelele, akisema maombi yake huku akitembea kando ya mfereji. "Upesi, upesi, kabla haijapita mlango!"

Padri alikuwa amefika kwa mtakatifu wa tatu. Alitazama taa, akatazama swichi, akainua mikono yote miwili. "Watakatifu wote kwa jumla, mtuombee! Sheikh, washa!"

"Bismillahi," nikasema, nikaisukuma swichi juu.

Mota ilinguruma mara moja, ikatulia katika sauti nzuri, nyororo, na mkanda wa mashine ukaanza kuzunguka. Mzee mwenye shamba alipiga makofi peke yake. Kahawa nyekundu ilianza kuingia upande mmoja na kutoka upande wa pili imemenywa. Tajiri alirudi akitweta, akasimama mlangoni kusikiliza.

Kisha tukaona mama mmoja wa Kikuyu akipanda kutoka kwenye matangi ya chini, ambako wanawake walikuwa wakiosha kahawa. Alikuwa amekiokota kifuu majini, na taa ilikuwa bado inawaka, naye ameikinga kwa kiganja ili upepo usiizime. Aliuliza ni ya nani, akawa anakuja nayo moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha swichi.

"Simama hapo hapo, mama!" Padri alimpigia kelele. "Futi kumi!"

Mama alisimama pale alipoambiwa, bila kuelewa, na taa yake mkononi. Tajiri alimwendea, akampa nazi yote iliyobaki.